Uso Ambao Sikuuona

Cherehani yangu iliibwa Jumanne moja mchana, nilipokuwa nimekwenda bombani kuchota maji. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tuliishi Temeke, katika nyumba ya udongo yenye vyumba vinne: kimoja changu na mume wangu, kimoja cha mama mkwe, kimoja cha shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na cha nne tulikifanya cha kushonea. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na Temeke ilikuwa nusu mji nusu shamba. Ukitoka uani kwetu unaingia katika mihogo ya jirani, na ukiipita mihogo unatokea kwenye njia ya Keko.

Ilikuwa cherehani ya mkono. Marehemu baba alinipa nilipoolewa, nami nikaishonea nusu ya mtaa: magauni ya watoto, foronya, mashati ya sikukuu ya Idi. Kishikio cha kuzungushia kiliwahi kupasuka, na seremala mmoja wa Keko akanichongea kingine cha mninga, kinene kidogo kuliko kile cha kwanza. Nilikizoea hivyo hivyo.

Niliporudi na ndoo kichwani, nilimwona mtu akipita katikati ya mihogo, ameinama, begani amebeba kitu kizito kilichofunikwa kwa shuka langu la michirizi ya buluu. Niliangusha ndoo nikapiga kelele. Hakugeuka. Alikimbia mpaka akapotelea upande wa njiani. Nilichokiona ni mgongo, shati la kaki, na nyayo zilizopauka kwa vumbi. Basi. Leo nasema hivyo bila kusita. Wakati ule sikusema hivyo, na ndiyo maana nayaandika haya.

Mchana uleule nilitoa taarifa kituoni, na siku ya pili askari alikuja kuniita. Mume wangu alikuwa kazini bandarini, alikokuwa karani mdogo wa bohari, kwa hiyo shemeji ndiye aliyenisindikiza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mpole, mtu wa kanzu safi. Jino lake moja la mbele lilikuwa limekatika tangu utotoni, na alikuwa na tabia ya kuweka mkono kifuani kila anapomwamkia mkubwa. Mtaa mzima ulimpenda. Jioni ya siku ya wizi ndiye aliyenikalisha mkekani akaniambia nisilie, Mungu atanipa nyingine.

Koplo alinipeleka chumba cha nyuma. Mlikuwa na mtu mmoja tu, amekaa sakafuni kati ya askari wawili, amevaa shati la kaki. Baada ya vita nusu ya wanaume wa Dar es Salaam walivaa kaki, lakini hilo halikunijia akilini. Alikuwa mtu wa bara, kutoka kusini kabisa, kibarua wa bandarini. Walikuwa wamemkamata alfajiri katika msako wa watu wasio na kazi, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya mwajiri.

"Bibi," koplo akasema, "tumempata Keko, njia ileile uliyoitaja. Ni huyu?"

Nilimtazama, naye akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Mie nilidhani ni bangi. Nikalitazama tena lile shati. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni.

"Sema ndiye, shemeji," akaninong'oneza. "Yaishe, turudi nyumbani."

"Ndiye," nikasema.

Kesi ilisikilizwa wiki iliyofuata. Hakimu alikuwa Mzungu wa makamo, na pembeni yake mkalimani aliyevaa tai. Niliapa kwa msahafu, nikaeleza habari ya bomba, ndoo, mihogo na shuka. Nilipomaliza, hakimu alimuuliza mshitakiwa kama ana swali kwa shahidi.

Alisimama. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno analitua kama mtu anayepanga matofali.

"Mama, naomba nikuulize. Uliniona uso?"

Koplo alikuwa ananitazama. Hakimu alikuwa ameinua kalamu anangoja. Niliona kwamba nikisema sikuuona, watu wote wale watageuka wanishangae, mwanamke aliyewapotezea siku. Tena nikajiambia kwamba kama siye, kwa nini yuko pale?

"Nilikuona," nikasema.

Hakuuliza tena. Alisema siku ya wizi alikuwa amelala chumbani kwake Keko na homa, peke yake, wenzake wote wakiwa kazini. Hakimu akaandika. Kabla ya adhuhuri hukumu ilikuwa imekwisha kutoka: mwaka mmoja wa kazi ngumu na viboko kumi. Mkalimani alipolitaja neno viboko, yule mtu alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Njiani kurudi shemeji alinimenyea machungwa mawili, nami nikayala yote.

Miezi miwili na kitu nilishona kwa mkono. Siku moja nilikwenda Kariakoo kutafuta uzi wa rangi ya samli niliouhitaji kwa gauni la bibi harusi. Nilipita duka moja la Mhindi, mmoja wa wale Mashia waliozaliwa hapahapa mjini, mtu mzima mwenye kofia nyeusi, ambaye barazani kwake walikaa mafundi watatu wakishona. Fundi wa mwisho alikuwa anazungusha kishikio kinene cha mninga.

Niliomba nikishike. Fundi akacheka, lakini aliniachia. Nilipokishika tu nilikijua, nikakaa kwenye ngazi ya duka.

Mwenye duka akatoka. "Kuna nini, bibi? Unaumwa?"

"Bwana, cherehani hii ni yangu. Iliibwa nyumbani kwangu Temeke. Mtu amefungwa kwa ajili yake."

Uso wake ulibadilika. Aliwaambia mafundi wakanywe chai, akanivutia kiti, akakaa mbele yangu.

"Nimeinunua kwa kijana," akasema. "Alisema ilikuwa ya shangazi yake aliyefariki. Mstaarabu, mwembamba, kanzu nyeupe. Alipoingia aliniamkia vizuri, mkono kifuani." Akagusa meno yake mwenyewe. "Hapa jino limekatika. Nilimwamini."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba uzi sikuununua.

Mume wangu aliporudi kazini, kabla ya magharibi, nilimweleza uani, maneno machache tu. Alikwenda kumwita mdogo wake, na shemeji alipotuona tumesimama wawili, alijua. Hakukana. Alikaa chini ukutani, kanzu yake ikachafuka, akaanza kueleza kwamba alikuwa ametoa ahadi ya posa kwa watu wa Mtoni, na siku zilikuwa zimekwisha, fedha hana. Kwamba shati la kaki lilikuwa la kazini kwa kaka yake, alilianua kambani. Kwamba alitaka kununua nyingine aniletee kabla mtu hajajua.

"Ulinisindikiza mpaka kituoni," nikamwambia. "Ukaniambia niseme ndiye."

Alifunika uso.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi. Alikuwa mjane aliyelea wanawe wawili kwa kusuka ukili wa mikeka na kuuza maandazi, na mie alinipenda tangu siku nilipoingia nyumba ile.

"Mwanangu," akaniambia, "yule mtu ameshafungwa. Ameshapigwa. Ukimtoa kesho, viboko vitamtoka mgongoni?"

"Havitamtoka, mama."

"Basi muache amalize. Miezi iliyobaki itapita. Huyu ukimpeleka, nani atamwoza? Nani atatusalimia sie hapa mtaani? Na wewe mwenyewe umeapa kwa msahafu. Wakikufunga wewe?"

"Mama, aliyesema ni mie. Hakimu hakumwona mtu akiiba, wala askari hakumwona. Walimfunga kwa mdomo wangu."

Alirudi jikoni. Tangu hapo hakusema nami.

Ningependa kuandika kwamba asubuhi yake nilikwenda kortini. Sikwenda. Nilingoja siku tisa. Kila asubuhi nilikuwa na sababu: leo kuna mvua, leo mume wangu anaumwa kichwa, leo mama hakula. Mara mbili nilivaa buibui nikafika mpaka mwanzo wa njia ya Keko, nikageuka. Niliogopa kufungwa, nisije nikasema ilikuwa huruma kwa shemeji tu. Mume wangu hakunisukuma wala hakunizuia. Siku ya saba alimwambia mdogo wake, mbele yangu, "Mke wangu atakwenda Jumatatu. Wewe una kesho na keshokutwa za kwenda mwenyewe." Jumapili shemeji alikuwa hayupo, na kapu lake la nguo pia halikuwepo.

Jumatatu nilipitia kwanza Kariakoo kwa yule mwenye duka. Nilikuwa nimemwomba awe shahidi, naye alikuwa ameniambia atafikiri. Nilimkuta anafungua milango.

"Bibi, nikuambie kweli," akasema. "Mke wangu hataki niende. Wataniuliza kwa nini nilinunua kitu cha mtu nisiyemjua, na mie sina jibu zuri. Watoto wangu watano wanakula kwa duka hili."

"Najua, bwana. Nitakwenda peke yangu."

Nilikuwa nimeshashuka ngazi aliposema, "Ngoja." Akafunga tena mlango mmoja, akamwambia fundi wake abebe cherehani, akavaa koti. Hakueleza kilichombadilisha, nami sikumuuliza.

Tulikuwa tumekaribia kortini, sie watatu, fundi akihema chini ya cherehani, niliposikia mtu anakimbia nyuma yetu. Ni shemeji. Kanzu ilikuwa imelowa jasho, na kapu lake la nguo mkononi.

"Nilikuwa nimefika stesheni," akasema. "Mama alinifuata hukohuko. Kanitoa kwenye foleni ya tiketi mbele za watu. Kasema nisirudi nyumbani mpaka niwe nimesema."

Sikuelewa. Ni baadaye sana mama mkwe mwenyewe alinieleza. Katika zile siku tisa alikuwa amekwenda kutazama wafungwa wanaokata nyasi kando ya barabara ya Pugu. Alitaka, kwa maneno yake, akaone ni mtu mbaya kiasi gani, ili moyo wake utulie. Alimuuliza askari ni yupi aliyeiba cherehani ya Temeke. Askari akamwonyesha kwa kidole. Yule mfungwa alipoona mwanamke mtu mzima amesimama anamtazama, aliacha panga chini, akainama, akasema, "Shikamoo, mama."

"Sikuweza kuitikia," mama mkwe aliniambia. "Marahaba ilinikwama hapa. Nikarudi nyumbani, nikamtazama mwanangu akila wali."

Hakimu alikuwa yuleyule, na mkalimani yuleyule. Kesi yetu haikuwamo katika orodha ya siku, tukangojeshwa mpaka saa saba. Kisha tuliitwa katika chumba kidogo cha hakimu, chenye meza na feni isiyozunguka. Shemeji alisema wa kwanza. Alisema yote, akitazama sakafu, na mkalimani akamfuata sentensi kwa sentensi. Mwenye duka akasema ya kwake. Cherehani ilikuwa imewekwa juu ya meza ya hakimu, kwenye karatasi zake.

Halafu hakimu alinigeukia. Mkalimani akaniuliza:

"Bibi, hakimu anauliza kama unajua kwamba ulisema uongo baada ya kuapa, na kwamba hilo ni kosa la kufungwa."

"Najua."

"Anauliza kwa nini ulisema umeuona uso."

Nilikuwa nimetayarisha jibu njia nzima, na lote likanitoka kichwani. Nikasema lililokuwepo.

"Kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa anangoja niseme ndiyo. Nami nilionyeshwa mtu mmoja tu. Laiti wangenionyesha kumi, ningesema simjui hata mmoja."

Mkalimani aliniomba nirudie, nadhani alitaka kuwa na hakika, kisha akalifasiri polepole. Hakimu aliweka kalamu chini. Alisema jambo fupi, akitazama ile feni.

"Hakimu anasema," mkalimani akanena, "kwamba siku ile yeye naye hakuuliza vya kutosha."

Sikushitakiwa. Nilionywa kwa maneno makali, nayo niliyastahili, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alipopata habari aliniambia nifunge siku tatu kwa ajili ya kile kiapo. Nilifunga. Mwenye duka aliambiwa arudi nyumbani. Karatasi zilipelekwa Mahakama Kuu, na baada ya wiki tatu hukumu ya yule mtu ilifutwa.

Shemeji alihukumiwa miezi sita. Wazee wawili wa mtaa walikuja kumsemea kwamba ni kijana wa nyumba njema, na alikuwa amejisalimisha mwenyewe. Hakupigwa hata kiboko kimoja. Nilishukuru, kwa maana sikutaka apigwe. Lakini nilipokuwa nimekaa pale kwenye benchi nilihesabu: cherehani ileile, mihogo ileile. Yule ambaye hakuiba alipata mwaka na viboko kumi kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsemea. Sikumwambia mtu hesabu hiyo siku ile. Niliibeba kwa muda mrefu.

Yule mtu alitoka Ijumaa. Mimi na mume wangu tulikuwa tumesimama ng'ambo ya lango la gereza tangu asubuhi, na nilikuwa nimefunga chakula kwenye kitambaa. Alipotoka alikuwa amevaa shati lake lilelile la kaki, sasa limemzidi mwili. Aliniona akasimama.

Nilimwendea. Nilikuwa nimesema moyoni nitapiga magoti, lakini aliponiona nainama alinishika kiwiko.

"Usifanye hivyo hapa njiani, mama," akasema. "Watu watadhani nimekufanyia kitu."

"Nimekukosea," nikasema. "Sikukuona uso. Sikumwona mtu yeyote uso. Naomba unisamehe."

Mume wangu alimpa mkono, akasema ni ndugu yake aliyeiba, na kwamba wakati wowote akihitaji nyumba, yetu ipo. Yule mtu aliupokea mkono, lakini alikuwa bado ananitazama mie.

"Mgongo umepona," akasema mwishowe. "Lakini barua ilikwenda nyumbani. Wenzangu tuliotoka nao kwetu waliandika kwamba mie ni mwizi. Kuna msichana, posa yangu ilikuwa imeshapokelewa. Sijui sasa wanasema nini. Kama unataka kunisaidia, mama, njoo Jumapili. Sie watu wa kwetu tunakutana Keko wakitoka kanisani. Njoo uwaambie kama ulivyoniambia mie."

"Nitakuja," nikasema.

Mume wangu alinisindikiza mpaka Keko, akabaki nje, kwa kuwa nilimwomba. Walikuwa wanaume kama ishirini chini ya kibanda cha makuti, wengine kwenye mbao za seremala wa jirani, wengine wamechuchumaa. Wachache walikuwa na viatu. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na mtu wa pwani peke yangu, nimevaa buibui nyeusi, nao wakaacha kuzungumza nilipoingia. Yeye alikuwa amekaa pembeni, mbali kidogo na wenzake. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Mwenyekiti wao, mtu wa mvi chache, aliniuliza nina haja gani. Nikaanza. Niliwaambia mimi ndiye mwenye cherehani. Niliwaambia nilichokiona kwenye mihogo, nilichokisema kituoni, alichoniuliza kortini na nilichomjibu. Niliwaambia mwizi alikuwa wa nyumbani kwangu, anakula sahani moja na mume wangu.

Mtu mmoja wa nyuma akasimama, akasema, "Nyie watu wa pwani mkipotelewa na sindano, mnamtafuta mtu wa bara."

"Ni kweli," nikasema. "Mie nilifanya hivyo."

Nadhani alikuwa amejiandaa nibishe. Alikaa.

Mwingine, kijana, akauliza, "Mbona hukusema siku ileile? Amepigwa, mama. Sie tuliuona mgongo wake jana."

"Niliogopa kuonekana sijui. Halafu nilipojua, niliogopa tena siku tisa. Sina sababu nyingine ya kuwapa."

Kisha mwenyekiti akamwita karani wao, kijana aliyesoma misheni, akamwambia atoe karatasi. Barua iliandikwa palepale juu ya ubao wa mninga, kwa wazee wa kwao na kwa baba wa yule msichana. Karani aliandika, kisha akaisoma kwa sauti. Palipokuwa na neno "imeonekana hana hatia," yule mtu aliomba lisomwe tena. Likasomwa tena. Wakaniuliza kama najua kuandika, nikasema najua herufi za chuoni. Nikaandika jina langu chini kwa Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, nao wakasogea kutazama. Mwenyekiti naye akaweka jina lake.

Yule aliyesema habari ya sindano ndiye aliyeondoka alipokuwa amekaa, akaenda kukaa karibu na yule aliyefungwa. Alimpa sigara aliyokuwa ameivuta nusu.

Jibu lilikuja mwezi uliofuata, na mwishoni mwa mvua za masika msichana aliteremka kutoka kwenye lori, mchafu wa vumbi la safari, akiwa na shangazi yake na kuku wawili hai. Walifunga ndoa kanisani, mie na mume wangu tukakaa benchi la nyuma bila kujua wakati wa kusimama na wa kukaa. Bwana harusi alipata kazi kwa yule seremala wa jirani na kile kibanda, akajifunza kuchonga miguu ya vitanda. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana kila siku, sitadanganya. Tulikuwa watu wanaosalimiana kwa kusimama. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa alimtuma mtu aniambie kabla hajawaambia majirani wengi.

Shemeji alitoka gerezani na unyonge ambao haukuwa wake zamani. Alisema mwenyewe atakwenda Keko kwa yule mtu, akaenda. Waliongea nini sijui. Alirudi na msumari umemchoma kidole, kwa hiyo nadhani alipewa kazi ya kufanya wakati wanaongea. Mama mkwe alianza kusema nami siku hiyo. Alisema, "Leta chumvi," kisha akanieleza habari ya barabara ya Pugu, niliyokwisha kuiandika. Shemeji alioa baada ya miaka mitatu, mtu wa Mbagala, na watu wa mke waliambiwa kila kitu kabla ya posa. Mama mkwe alishikilia hivyo.

Mwaka mmoja au miwili baadaye jirani yetu wa nyumba ya tatu aliibiwa baiskeli ya mumewe. Alikuja kwangu asubuhi, kanga mbili mwilini. Ameitwa kituoni, akaniomba tufuatane, kwa kuwa mie, alisema, naijua korti.

Tulikwenda. Safari hii walikuwa wamepangwa wanaume wanane ukutani, wafupi na warefu. Jirani alinishika mkono. Askari akamwambia apite mbele yao, atazame, achukue muda wake. Alipita mara moja. Akapita mara ya pili. Mbele ya mmoja alisimama kitambo, kijana mwembamba aliyekuwa anajitahidi asipepese macho, nikaona mdomo wa jirani yangu unataka kufunguka.

Aligeuka kunitazama. Sikumpa ishara yoyote. Nilikuwa nimemwambia njiani neno moja tu, aseme alichokiona, na asichokiona aseme hakukiona.

"Mie nilimwona kwa nyuma, akiwa juu ya baiskeli," akamwambia askari. "Uso sikuuona. Siwezi kumtaja hata mmoja wao."

Askari aliandika, akamshukuru, akawaambia wale wanane waende zao. Walitoka mbio mbio, wengine wakicheka. Yule kijana mwembamba alikuwa wa mwisho. Alipotufikia aliweka kofia yake sawa, akatuamkia sote wawili, tukamwitikia.

Baiskeli haikuonekana kamwe. Tulirudi kwa miguu kupitia Keko, mafundi wakiranda mbao kando ya njia, na jirani yangu njia nzima ananisimulia jinsi atakavyomwambia mumewe.